Mlango wa Chuo na Vijana Wasiotulia

Baina ya mwezi wa Juni, ambapo kijana wa Marekani hukabidhiwa cheti chake cha sekondari mbele ya wazazi wake, na mwisho wa Agosti, ambapo wazazi hao hao humpeleka kwa gari hata kwenye dahalia ya chuo, wakamtandikia kitanda na kurejea nyumbani, hupita muda usiotimia miezi mitatu. Na katika muda huo mfupi kijana aliyezaliwa na ile hali ya upungufu wa umakini na wingi wa harakati, ambayo matabibu huifupisha kwa herufi za ADHD, huvuka mpaka wa sheria ambao aghalabu hakuambiwa kuwa upo. Kabla ya mpaka huo ilikuwa ni faradhi ya skuli kumtafuta, kumpima, kumwandikia mpango wa masomo na kuwaita wazazi wake waujadili. Baada yake hakuna amtafutaye. Chuo kitamsaidia, tena kwa amri ya sheria, lakini sharti aende mwenyewe kwenye ofisi inayohusika, aieleze hali yake, alete vyeti vyake na aombe. Na asipoomba, hapewi. Hivyo yule ambaye dhiki yake ni kusahau miadi, kuahirisha jambo hata wakati wake ukapita, na kuianza fomu ya kurasa nne akaiacha katika ukurasa wa pili, ndiye anayetakiwa, katika wiki za kwanza za maisha mageni, kukumbuka, kuwahi na kumaliza.

Nimeona ni vyema kueleza jinsi mpaka huo ulivyochorwa, kwa kuwa haukuchorwa kwa ukatili wala kwa uzembe wa mtu mmoja. Umetokana na historia mbili zilizokwenda mbalimbali kwa miaka mingi: moja ni ya matabibu, walioamini kwa vizazi na vizazi kuwa hali hii ni ya utotoni na humwondokea mtu abaleghepo, na nyingine ni ya walemavu wa viungo, ambao waliupigania mlango wa vyuo wakiwa watu wazima, na wakataka kwa haki kabisa watendewe kama watu wazima. Kijana wa ADHD alizikuta historia hizo zimekwisha kutengenezwa bila ya yeye kuwamo.

Matabibu waliliona jambo lenyewe mapema. Mwaka 1798 Alexander Crichton, tabibu wa Kiskoti, alitoa kitabu juu ya maradhi ya akili ambamo alitenga mlango mzima kuuzungumzia uwezo wa kuzingatia, akaeleza kuwa wako watu ambao tangu kuzaliwa hawawezi kulishikilia jambo moja kwa kitambo, kwani kila sauti na kila kipitacho huwavuta, na kwamba hali hiyo hudhihiri mapema, mtoto angali mdogo, ikamzuia kulizingatia somo lolote kwa uthabiti. Akaongeza, kwa faraja, kuwa, kwa bahati njema, hali hiyo hupungua kadiri umri uendeleavyo. Kauli hiyo fupi ilikuja kuwa na maisha marefu kuliko kitabu kilichoibeba. Nusu karne baadaye Heinrich Hoffmann, tabibu wa Frankfurt, alikosa madukani kitabu cha kumpendeza mwanawe mdogo kwa Krismasi ya 1844, akakitunga na kukichora mwenyewe. Na katika matoleo ya mwanzo ya kitabu hicho yumo mtoto ayumbishaye kiti mezani mpaka akaanguka pamoja na kitambaa na chakula chote, na yumo mwingine atazamaye mawingu akaishia mtoni. Wote wawili ni watoto, na hadithi zao zinakoma wakiwa watoto.

Ndipo tufikapo kwa George Frederic Still, tabibu wa watoto wa London, ambaye mwezi wa Machi 1902 alitoa mihadhara mbele ya chuo cha kifalme cha matabibu juu ya watoto aliowatibu yeye mwenyewe: watoto wenye akili timamu, wengine wakiwa wamelelewa kwa uangalifu mkubwa, ambao hata hivyo hawakuweza kujizuia, kungoja wala kudumu katika jambo moja. Still alistahili shukrani kwa kutambua kuwa makosa hayakuwa ya wazazi sikuzote, na kwamba kiini chaweza kuwa mwilini; lakini jina alilolichagua, la kasoro katika kuitawala nafsi kimaadili, liliwapeleka waliomfuata kwenye njia ya lawama. Tafsiri hiyo haikuwa ya Waingereza peke yao. Katika vyuo vya Kurani vya mwambao wetu na katika skuli za serikali za enzi ya ukoloni, mtoto mapepe, yule asahauye ubao wake na kujibu kabla ya mwalimu kuimaliza kauli, alijulikana kwa bakora alizozipata. Na hapana shaka wako waliokuwa hodari wa kufahamu ambao walitoka masomoni wakiamini kuwa wao ni wapumbavu, na wakaishi na imani hiyo mpaka uzeeni.

Kilichowageuza matabibu kutoka kwenye maadili na kuwaelekeza kwenye ubongo ni msiba. Kuanzia mwaka 1917 ulienea duniani ugonjwa wa uvimbe wa ubongo uliowalaza watu usingizi mzito, na miongoni mwa watoto waliopona walionekana wengi waliokuwa wapole kabla ya kuugua na ambao sasa hawakutulia, hawakuzingatia, na walifanya mambo kwa pupa. Mwaka 1931, huko East Providence katika jimbo la Rhode Island, ilifunguliwa hospitali kwa wasia wa mzee George Bradley, ambaye binti yake Emma alikuwa ameugua ubongo akiwa na umri wa miaka 7. Na humo tabibu Charles Bradley, katika kuwapima watoto kwa njia ya kutia hewa kwenye matundu ya ubongo ili picha ipatikane, aliwaona wakipata maumivu makali ya kichwa, akajaribu kuyatuliza kwa dawa ya kuchangamsha iitwayo Benzedrine. Vichwa havikupona. Walakini walimu walikuja na habari ya ajabu, kuwa watoto wale waliketi, wakaanza hesabu zao na kuzimaliza. Na watoto wenyewe wakavipa vidonge hivyo jina la vidonge vya hesabu. Mwaka 1937 Bradley alichapisha habari za watoto 30, ambao nusu yao walibadilika sana katika masomo, naye mwenyewe alistaajabu kuwa dawa ya kuchangamsha yaweza kumtuliza mtu.

Yafaa ikumbukwe kuwa katika miaka hiyo hiyo wanafunzi wa vyuo, mathalani wa University of Minnesota, waliipata Benzedrine kwa njia zao wenyewe, wakaimeza ili wakeshe na vitabu kabla ya mitihani. Dawa moja iliingia kwa milango miwili kwa wakati mmoja: mlango wa hospitali ya watoto, na mlango wa dahalia. Wa pili uliacha tuhuma ambayo haijaondoka hadi leo, kwa sababu kijana mwenye haja ya kweli ya dawa hiyo anaishi chumba kimoja na wenziwe wasio na haja nayo ambao wataiomba au wataiiba wiki ya mitihani. Mwaka 1944 Leandro Panizzon, mkemia wa kampuni ya Ciba mjini Basel, alitengeneza dawa nyingine ya jamii hiyo, akaiita Ritalin kwa jina la mkewe, Marguerite, aliyekuwa akiitwa Rita. Iliuzwa kuanzia mwaka 1954 kwa watu waliochoka na waliodhoofika, na baadaye ikawa dawa kuu ya watoto wasiotulia. Mwaka 1971 Marekani iliziweka dawa hizi zote katika daraja la zile zenye hatari kubwa ya kutumiwa vibaya, na kwa hukumu hiyo cheti cha dawa hakiwezi kurudiwa: kila ziishapo, tabibu lazima aandike upya. Mama aliyezoea, kule nyumbani, aliikumbuka tarehe; mwanawe aliyehamia jimbo jingine, asiye na tabibu huko, huikumbuka siku chupa ilipokwisha kuwa tupu.

Pamoja na maarifa yote hayo, kauli ya Crichton ilikuwa ingali inatawala. Mwongozo wa chama cha matabibu wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 1968 uliitaja hali hii kuwa ni ya utotoni, na ukasema kuwa kwa kawaida hupungua katika ujana. Na matabibu wengi, kwa kuuamini mwongozo, wakawa wakiwasimamishia watoto dawa walipobaleghe. Waliompokea kijana katika vyuo hawakuwa na sababu ya kumngoja, maana elimu ya wakati huo iliwaambia kuwa mtu wa namna hiyo hayupo. Aliyekuja na kushindwa, akafeli muhula wa kwanza na kurudi kwao, alihesabiwa kuwa mvivu au kuwa hakustahili chuo tangu hapo.

Imani hiyo ilivunjwa mjini Montreal zaidi ya mahali pengine popote. Virginia Douglas, wa McGill University, alionyesha katika hotuba yake iliyochapishwa mwaka 1972 kuwa shida ya msingi haikuwa miguu isiyotulia bali ni umakini usiodumu na nafsi isiyojua kungoja. Na mwaka 1980 mwongozo mpya wa Marekani ukalifuata wazo hilo, ukaibadili hali jina, ukakubali kuwa yaweza kuwapo bila ya mwili kuhangaika. Kwa hatua hiyo walianza kuonekana wasichana, ambao wengi wao hawakuwa wakiruka juu ya madawati bali waliketi kimya dirishani na fikira zao ziko mbali, na ambao hakuna mwalimu aliyewahi kuwashtaki kwa mtu. Mjini humo humo Gabrielle Weiss na Lily Hechtman walikuwa wakiwafuatilia watoto waliopimwa katika miaka ya 1960, mwaka baada ya mwaka, hata wakawa watu wazima wenye kazi na watoto. Na kitabu chao cha mwaka 1986 kilithibitisha kuwa sehemu kubwa ya watoto wale walikua pamoja na hali yao. Ilichukua karibu karne mbili kuijibu sentensi moja ya Crichton.

Tuiache kwanza historia ya matabibu, tuitazame ile ya pili. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya Marekani iliwalipia askari wake masomo ya juu, na miongoni mwao walikuwamo waliorudi na viungo vilivyopooza. Mwaka 1948 Timothy Nugent aliwaanzishia masomo katika majengo ya iliyokuwa hospitali ya jeshi huko Galesburg, Illinois. Na mahali hapo palipofungwa mwaka uliofuata, wanafunzi wake walikwenda na viti vyao vya magurudumu mpaka mji mkuu wa jimbo kudai wapokewe kwingineko, na hatimaye wakapata nafasi katika chuo kikuu cha jimbo hilo huko Urbana. Mwaka 1962 Ed Roberts, aliyepooza kwa polio tangu umri wa miaka 14 na aliyelala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua, aliingia University of California huko Berkeley, akawekwa kuishi katika hospitali ya chuo kwa kuwa hapakuwa na dahalia ya kumfaa. Yeye na wenziwe ndio walioijenga ile itikadi iliyoenea baadaye nchi nzima: kuwa mlemavu si mgonjwa wa kuamuliwa mambo na wauguzi na jamaa, bali ni mtu mwenye rai, ajuaye haja zake kuliko yeyote, na kwamba msaada uwe kwa kuomba kwake na kwa kiasi akitakacho.

Sheria ya mwaka 1973 iliyokataza kila taasisi ipokeayo fedha za serikali kuu kumbagua mlemavu ilikaa karibu miaka minne bila ya kanuni za kuitekeleza, mpaka Aprili 1977, ambapo walemavu zaidi ya mia moja, wakiongozwa na Judy Heumann na wengineo, walilikalia jengo la serikali mjini San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu, wengine wakiwa hawana dawa zao wala wa kuwageuza usiku, hata waziri Joseph Califano akazitia sahihi tarehe 28 Aprili. Kanuni hizo ziliwataka wenye vyuo wabadili taratibu pale inapobidi, waongeze muda wa kutimiza masharti ya shahada, na wasiwakataze wanafunzi kuingia darasani na vinasa sauti. Ni ushindi ambao kila mwanafunzi wa ADHD anayepewa leo muda wa ziada katika mtihani anakula matunda yake, na heshima ya walioupata isipunguzwe na neno lolote nisemalo hapa. Lakini ulikuwa ushindi wa watu ambao akili zao ziliweza kupanga maandamano, kuandika madai na kungoja siku ishirini na kitu. Na utaratibu walioupata ulifuata umbo lao.

Kwa watoto mambo yalikwenda vingine. Sheria ya mwaka 1975 iliipa skuli wajibu wa kumtafuta mtoto mwenye haja, na kuwapa wazazi kiti katika kila kikao. ADHD haikutajwa humo waziwazi. Bunge lilipoipitia sheria hiyo mwaka 1990 lilikataa kuiwekea fungu lake, pakawa na mabishano makubwa, mpaka wizara ya elimu ilipotoa waraka mwezi wa Septemba 1991 uliofafanua kuwa watoto hao nao wanastahili. Kuanzia hapo, katika muda wa miaka michache, kikakua kizazi cha vijana waliopimwa, waliopewa mipango yao na kuzoea kusaidiwa, na kizazi hicho kikafika milangoni mwa vyuo. Huko kilikutana na sheria nyingine, ya mwaka 1974, ihifadhiyo siri za kumbukumbu za wanafunzi: mtoto aingiapo chuoni haki zote za kumbukumbu hizo ni zake, wala mama apigaye simu mwezi wa Oktoba kuuliza kama mwanawe anahudhuria masomo hana haki ya kudai jibu.

Wako walioliona pengo mapema. Gertrude Webb alianzisha katika Curry College, karibu na Boston, mwaka 1970, utaratibu wa kuwasomesha vijana wenye matatizo ya kujifunza namna ya kusoma kunakowafaa wao. Na mwaka 1985 ikafunguliwa Landmark College huko Putney, Vermont, kwa ajili ya vijana wenye taabu ya kusoma maandishi, na baadaye ikawapokea kwa wingi hawa wa ADHD. Navutiwa zaidi na mambo madogo waliyoyafanya kuliko falsafa waliyoitangaza: mwanafunzi alifundishwa kuweka karatasi zake zote za masomo yote katika jalada moja kuu, kwa mpangilio mmoja, kazi ya miezi miwili ikakatwa vipande vya wiki kila kimoja na tarehe yake, na mshauri akaonana naye kwa siku na saa maalumu bila ya kungoja aitwe. Hawakumdharau kwa kufanya hivyo. Walikuwa wameelewa kuwa shida yake haikuwa kutojua, bali kulitenda alijualo wakati lipaswapo kutendwa.

Vyuo vikubwa vilikuwa na moyo mwingine. Mwaka 1995 Jon Westling, mkuu wa taaluma wa Boston University na rais wake mwaka uliofuata, alitoa hotuba ambamo alisimulia habari ya mwanafunzi wa kike, Samantha, aliyemjia baada ya somo la kwanza na barua iliyotaka apewe kiti cha mbele, nakala za maelezo, chumba cha peke yake cha mitihani, na afidiwe yatakayompita akisinzia darasani. Samantha hakuwako duniani; mbele ya mahakama Westling alikiri kuwa alimbuni. Chuo kilikuwa kimewataka wanafunzi wenye matatizo ya kujifunza na wenye ADHD walete uchunguzi usiozidi miaka mitatu, tena wa wataalamu wa daraja maalumu, nao wakashtaki; na Agosti 1997 Jaji Patti Saris alihukumu kuwa chuo kilivunja sheria katika mambo kadhaa, akasema kuwa dhana potofu juu ya wanafunzi hao ziliathiri maamuzi. Kuhusu ADHD, hata hivyo, aliliacha lisimame sharti la kuchunguzwa na wataalamu wenye shahada za udaktari. Mtu aweza kukubali kuwa chuo kina haki ya kutaka ushahidi, nami nakubali. Lakini aliyeketi na kijana wa namna hii akamwona anavyolia kwa aibu ya kazi asiyoweza kuianza, atafahamu jinsi hadithi ya msichana wa kubuni ilivyokuwa dhuluma.

Kwani yatokeayo katika muhula wa kwanza si siri. Kijana alikuwa akiamshwa na mama, akisukumwa na kengele kutoka somo hadi somo, akikaguliwa kazi yake kila asubuhi. Msomaji aliyelala bweni Tabora au Kikuyu, akaongozwa na kengele tangu alfajiri hata taa kuzimwa, kisha akajikuta chuo kikuu pasipo kengele yoyote, anaijua hali hiyo kwa uzoefu wake. Chuoni vipindi havizidi saa kumi na tano au kumi na nane kwa wiki, na zilizobaki ni zake; insha iliyotolewa Septemba hudaiwa Desemba; usingizi huharibika, dawa husahauliwa, somo moja hukoswa, kisha la pili hukoswa kwa haya ya kulikosa la kwanza. Mwanafunzi atokaye kwetu kwenda kusoma huko ana mzigo zaidi, kwa kuwa mara nyingi hakuwahi kupimwa wala kupewa karatasi yoyote, na hata aijuavyo nafsi yake ni kwa majina aliyoitwa utotoni.

Mwaka 2008 bunge la Marekani liliirekebisha sheria nyingine ya mwaka 1990, ile iliyokataza kuwabagua walemavu, ambayo mahakama zilikuwa zimeibana, na likataja wazi kuwa kusoma, kufikiri na kuzingatia ni miongoni mwa shughuli kuu za maisha. Mwaka 2013 mwongozo wa matabibu nao ukapunguza idadi ya dalili zinazohitajiwa kwa wenye umri wa miaka 17 na zaidi, maana dalili hubadilika umri ukizidi. Baina ya miaka hiyo, mwaka 2012, chama cha wahudumu wa wanafunzi walemavu katika vyuo kilitoa mwongozo uliosema kuwa ushahidi wa kwanza wa kutazamwa ni maelezo ya mwanafunzi mwenyewe, na karatasi za wataalamu zifuate. Vyuo vingi havijaufuata. Rai yangu ni kuwa haki ya kujiamulia, ile iliyopiganiwa San Francisco, haipungui hata chembe chuo kinapotangulia kumwendea kijana. Kinachompunguzia ni kumwacha aombe asichojua kuwa kipo. Na chuo kitakacho kumwendea hakihitaji sheria mpya wala fedha nyingi: kimwite mwezi wa Julai, kabla ya dahalia kufunguliwa, aketi na mtu mmoja atakayemjua kwa jina na kuonana naye kila wiki, na aulizwe ni saa zipi za siku akili yake hutulia, ni kazi ya namna gani huianza na kuiacha, dawa zake zitaandikwa na nani, nani alikuwa akimwamsha nyumbani, na nani atamwamsha sasa.